Mgeni Asiyeaga

Nchi ya Staha haina mawe ya mpaka. Mtu hujua ameingia kwa sababu watu wa huko humsalimu kabla hata hajawaona. Nyamizi binti Lugendo alisalimiwa na sauti iliyotoka nyuma ya ua wa michongoma. Ikamuuliza habari za nyumbani, habari za njiani, habari za mguu wake uliokuwa ukichechemea. Kisha ndipo alipojitokeza ofisa wa zamu, mwanamume mnene mwenye kanzu nyeupe, ameikunja mikono kifuani kama mtu anayeomba radhi.

"Tunakusumbua, mama," alisema. "Tungependa tu kujua, kama si vibaya, unakwenda kwa nani."

"Namtafuta mdogo wangu, Mihambo Lugendo. Aliaga nyumbani kuja kutafuta kazi huku, na tangu hapo hatujamsikia. Mama yetu anaumwa. Anataka kumwona kabla mambo hayajawa mambo."

Uso wa ofisa ukachangamka. "Mihambo! Kumbe wewe ndiye dada yake? Katika wilaya hii yote hakuna mgeni mwenye adabu kama yeye."

"Mgeni? Miaka yote hii bado ni mgeni tu?"

"Ndiyo kazi yake, mama."

Walipokuwa wakitembea ofisa alimweleza. Zamani, alisema, Staha ilikuwa na wakusanya madeni kama nchi nyingine zote. Walikuja na marungu. Walipiga milango mateke, wakamtukana mtu mbele ya wakwe zake, wakaepua sufuria na ugali wake ungali mbichi, wakang'oa mabati mvua ikinyesha. Watu waliona ndivyo dunia ilivyo. Hata siku moja wakaingia katika nyumba ambamo mwanamke alikuwa na uchungu wa kuzaa. Wakamteremsha, wakaondoka na kitanda. Mtoto alizaliwa sakafuni na hakulia, na mama yake hakuuona mchana. Nchi nzima iliona aibu. Likaundwa Baraza la Adabu, na Baraza likapiga marufuku ukusanyaji wa madeni majumbani.

"Sasa waliokopa hulipaje?" Nyamizi aliuliza.

Ofisa alitazama pembeni, kama mwanamke huyu amefunuka nguo naye hakutaka kuona. "Tuna wageni," alisema kwa upole. "Wageni huwatembelea watu. Basi."

Nyamizi hakuelewa vizuri, lakini moyo wake ulitulia. Nchi iliyoweza kuona aibu, aliwaza, haikosi kuwa nchi njema.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa ya Bwana Ngwali, fundi seremala. Ilikuwa na fremu ya mlango ya mninga, imechongwa maua kwa ustadi, lakini mlango wenyewe haukuwapo. Palitundikwa gunia. Nyamizi alipiga hodi, na sauti aliyoijua tangu utotoni ikamkaribisha.

Mihambo alikuwa amekaa kwenye kigoda, kigoda pekee mle ndani. Alikuwa amenenepa, amevaa kanzu nyeupe kama ya ofisa. Kucha zake zilikuwa safi, na sauti yake, ambayo nyumbani ilisikika mpaka ng'ambo ya mto alipokuwa akiita ng'ombe, ilikuwa imekuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Alimkumbatia dada yake akalia bila kuficha. Kisha akawatambulisha watu wa nyumba ile mmoja mmoja, kwa mapenzi: Ngwali, aliyemwita kaka, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kujiweka, Bi Raya, aliyemwita shemeji, mke wa Ngwali, Mize, binti yao mdogo, na katika chumba cha ndani, juu ya kitanda, Bibi Kijakazi, mamake Ngwali, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

"Shikamoo, bibi," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ndugu yako ametulea vizuri," kikongwe alijibu, na katika sauti yake hamkuwa na kejeli hata chembe.

Bi Raya alileta wali na mchuzi wa maharage, akawatengea Mihambo na dada yake. Nyamizi alikuwa na njaa, akala. Aliposhika tonge la mwisho ndipo alipogundua kwamba wenyeji walikuwa wamekaa tu, wanawatazama kwa heshima, na Mize alikuwa akimeza mate.

"Ninyi je?"

"Sisi tulishakula," Bi Raya alisema haraka. Baadaye Nyamizi aliambiwa kuwa ndugu wa mgeni naye ni mgeni, na haki zake ni zilezile.

Jioni ile alimvuta mdogo wake nyuma ya nyumba. "Mihambo, niambie. Wewe hapa unafanya kazi gani?"

"Nakaa."

"Unakaa?"

"Nakaa, dada. Nawasalimu asubuhi. Nawauliza hali. Sheria zetu ni nyingi, lakini zote ni za kumlinda mwenye nyumba. Mgeni hapigi mlango kwa ngumi. Havui shati, ila huvua viatu. Haingii vyumba vya ndani bila kuitwa. Hapazi sauti. Haombi kitu, kamwe. Na juu ya yote, hataji deni, wala kiasi chake, wala jina la aliyekopesha. Kumtajia mtu deni lake nyumbani kwake ni kumvunjia heshima."

"Sasa wanalipaje?"

Mihambo alimjibu kwa kumtazama kwa huruma tu.

Jibu alilipata siku chache baadaye, na alilipata vibaya. Bi Raya alikuwa akianua nguo, amejifunga kanga ya rangi ya kahawia yenye mapambo ya korosho, na Nyamizi, kwa kutaka kuwa mwema, alimwambia, "Kanga yako imekupendeza, dada. Nzuri kweli."

Bi Raya aliacha kuanua. Kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amevaa gauni lililochanika, na ile kanga ameikunja vizuri juu ya viganja vyake.

"Naomba uipokee," alisema.

"La, la! Sikuwa na maana hiyo!"

"Naomba uipokee."

"Siitaki, dada yangu. Vaa kanga yako!"

Bi Raya aliinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. "Umekataa mara mbili," alisema. "Una adabu kama nduguyo." Akamwekea kanga begani.

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Kitu kilichosifiwa na mgeni lazima akabidhiwe. Mgeni lazima akatae mara mbili, ili isionekane kuwa ana uchu. Mara ya tatu ni chake. Ofisi hupitisha mkokoteni kuchukua. Nyamizi aliwaza jinsi angekataa kwa namna ambayo haihesabiwi kukataa, asiione. Tangu siku ile alijifunza kuzungumza bila kusema kitu chochote ni kizuri. Alijikuta hata jua likichwea anafumba mdomo. Aliona pia jambo ambalo hakuwa ameliona kwanza: kila Mihambo alipogeuza kichwa, Mize alikuwa akifunika kitu kwa gauni lake, kikombe, kichana, kipande cha chaki, bila hata kujua kuwa anafunika.

"Mlango wao uko wapi?" alimuuliza Mihambo.

"Ulikuwa mlango mzuri," alijibu.

"Na vifaa vyake vya kazi? Fundi gani hana msumeno?"

"Alikuwa na randa ya chuma na patasi zenye mipini aliyoichonga mwenyewe. Na msumeno. Nilivisifu mwaka wa kwanza. Nilikuwa mgeni kazini, nilikuwa nasifu kila nilichoambiwa."

"Sasa atapataje cha kulipa, ikiwa umechukua mikono yake?"

"Dada, kuuliza hivyo ni kutaja deni." Akamshika bega. "Usinione mtu mbaya. Mimi sijawahi kumwinulia mtu sauti humu. Mize nimemfundisha kusoma. Bibi Kijakazi nilikuwa nambeba mgongoni kwenda uani kabla hajazidiwa. Wengine hukaa tu wakitazama vitu. Muulize yeyote."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomnyima Nyamizi usingizi. Angemkuta ndugu yake amekuwa jambazi, angejua la kufanya.

Alimwambia habari ya mama yao. Mihambo alilia tena. Alisema angependa kurudi nyumbani, lakini mgeni haondoki ovyo. Huondoka wakubwa wanapomwambia kuwa ziara imetosha.

"Na huambiwa lini?"

"Sijawahi kusikia aliyeambiwa."

Basi Nyamizi alikwenda kwenye Baraza la Adabu, ambalo vikao vyake ni vya wazi kwa yeyote anayejua kukaa kimya. Ukumbi ulikuwa mzuri na wenye hewa. Wajumbe walikaa mbele kwenye viti vya mninga vya mitindo mbalimbali, kila kimoja kikionekana kimetoka nyumba tofauti. Nyuma palikuwa na nafasi ya wenye kutembelewa. Hapo zamani palikuwa na mabenchi, aliambiwa, lakini yalisifiwa, sasa watu husimama. Ngwali alikuwa miongoni mwao.

Hoja ya siku ile ilikuwa uji. Mgeni akipewa uji na mwenye nyumba, je, aumalize au abakize? Suala lilikuwa limejadiliwa muda mrefu, na wajumbe walikuwa wamegawanyika pande mbili zisizopikika chungu kimoja, Wamalizaji na Wabakizaji. Mjumbe wa Wamalizaji, mwanamume mwenye miwani, alisema kubakiza uji ni kumwambia mpishi kuwa chakula chake hakikunoga, na kwamba yeye binafsi amewahi kuona mama wa nyumba akitokwa na machozi mbele ya bakuli lililobaki nusu. Mjumbe wa Wabakizaji, mwanamke mwenye sauti ya kutetemeka, alijibu kuwa mama yule alilia kwa furaha, kwa sababu katika nyumba nyingi watoto huwa wanaungoja huo uliobaki.

"Hoja ya watoto ni ya hisia tu," alisema mwenye miwani.

"Adabu ni nini kama si hisia?" mwanamke alimjibu, na ukumbi ukapiga makofi ya kistaarabu, vidole viwili juu ya kiganja.

Mkuu wa Baraza, Bwana Muombwa, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa, aliuliza kama kuna mwenye neno. Nyamizi akasimama.

"Mimi ni mpita njia," alisema. "Naomba kuuliza. Mgeni huondoka lini?"

Bwana Muombwa alitabasamu. "Mama, kwetu hapa hatumuulizi mgeni ataondoka lini."

"Simuulizi mgeni. Nawauliza ninyi. Bwana Ngwali amebakiza kiasi gani cha deni lake? Au alishamaliza zamani?"

Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake masikio. Mwenye miwani aliivua akaanza kuifuta, ili asione. Nyamizi alimtafuta Ngwali kwa macho kule nyuma, akitumaini kuona shukrani, lakini Ngwali alikuwa ameinama, shingo imemwiva, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Hatujui kiasi," Bwana Muombwa alisema hatimaye, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Ili mtu ajue, lazima aulize. Ili aulize, lazima ataje. Tuliapa juu ya kaburi la yule mama na mwanawe kwamba hatutataja. Hatuwezi kurudi kule, binti yangu. Kule kulikuwa ukatili." Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ni mgeni wa nchi, tumsamehe. Lakini nyumba iliyomkaribisha ilipaswa kumfunza. Msimamizi na aitembelee."

Njia nzima ya kurudi Ngwali hakumsemesha. Walipofika kwenye fremu ile ya mlango ndipo aliposimama, akalishika gunia.

"Ulitaka kutusaidia, dada," alisema. "Nimeliona hilo. Lakini usitusaidie tena."

Msimamizi wa Adabu alikuwa Bi Shemsa, mwanamke mfupi mwenye uso wa upole na hatua ambazo hazikusikika. Alivua viatu nje akavipanga. Aliuliza hali ya kila mtu, akataka kujua kama dawa ya Bibi Kijakazi inamfaa, akaketi juu ya mkeka na kumpakata Mize. Mle ndani mlikuwa mmebaki mkeka huo, kigoda cha mgeni, jiko moja, sufuria moja, na kitanda cha chumba cha ndani.

"Mihambo, mwanangu," alisema, "siku hizi umekuwa kimya sana. Nyumba ikikaa muda mrefu bila kusifiwa, wenyewe hujiona wanyonge. Hudhani kwamba hawana tena kitu cha thamani."

Mihambo alitazama chini. "Nimekuwa na mawazo, mama."

"Naelewa. Nduguyo amekuja, mama yenu mgonjwa. Kama umechoka, sema tu, hakuna ubaya. Yupo kijana mmoja, Kichwabuta, anaweza kukupokea kesho. Ana jicho zuri sana. Nyumba aliyotoka alisifu mpaka vigae."

Bi Raya, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, alishika ukuta. Kila mtu mle ndani alimjua Kichwabuta kwa sifa. Alikuwa na adabu kuliko Mihambo, na hakulia.

Nyamizi aliona macho ya ndugu yake yakianza kutembea. Yalitua juu ya sufuria, na Bi Raya akaacha kupumua. Bila sufuria hapana chakula. Yakatua juu ya jiko. Yakapita mkekani, ambako Mize alikuwa amefunika kitu kwa kiganja. Kisha yakaelekea chumba cha ndani.

"Mihambo," Nyamizi alisema. "Mihambo, usiseme."

"Kile kitanda cha bibi," Mihambo alisema, kwa sauti ndogo sana. "Ni kitanda... ni kizuri."

Halafu sauti ya kikongwe ikatoka kule ndani. "Ni chako, mwanangu. Ngwali alinitengenezea alipokuwa kijana. Hakina msumari hata mmoja."

"Hapana," Mihambo alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Hapana, sikitaki."

Ngwali alikuwa ameshaingia chumbani. Alimbeba mama yake, akamlaza sakafuni juu ya mkeka ambao Bi Raya aliuvuta kutoka kwa Bi Shemsa na Mize. Akakitoa kitanda mlangoni kwa ubavu, kwa ule ustadi wa mtu anayejua kila kiungo chake.

"Naomba ukipokee," alisema.

"Sikitaki, kaka! Kwa jina la Mungu, sikitaki!" Mihambo alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

Bi Shemsa aliinua uso, macho yake yamelowa. "Amekataa mara mbili," alisema. "Na kwa moyo wake wote. Hivi ndivyo tunavyotaka wageni wetu wawe." Akamgusa Ngwali mkono, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Ulikuwa msimu wa kipupwe. Sakafu za Staha ni za udongo, na baridi ya huko hupanda kutoka chini. Mihambo alilaza shati lake na koti lake chini ya mkeka wa bibi. Nyamizi alimfunika kwa ile kanga ya kahawia, ambayo ofisi ilikuwa imemwachia yeye na Bi Raya hakuweza kuipokea tena, kwa kuwa kumrudishia mtu zawadi yake ni tusi. Kikongwe alikohoa. Mara ya kwanza kikohozi kilikuwa kikavu, kisha kikawa na maji ndani yake. Kila Mihambo alipomletea uji alimshukuru. Siku moja alianza kumshukuru, hakumaliza neno.

Mihambo ndiye aliyechimba kaburi. Alikataa kupokezana jembe na mtu. Bi Shemsa alihudhuria, akasoma salamu za Baraza, na katika salamu hizo alimtaja Mihambo kuwa mfano kwa wageni wote wa wilaya, na kwamba jina lake limepelekwa juu.

Waliporudi kutoka makaburini waliketi sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Majirani walikwishatawanyika. Bi Raya alikuwa amemlaza Mize mapajani. Ngwali aliitazama mikono yake mikubwa kwa muda, halafu akamtazama Mihambo usoni, jambo ambalo Nyamizi hakuwahi kumwona akilifanya.

"Mihambo."

"Naam, kaka."

"Imekwisha?"

Bi Raya alitoa mguno wa hofu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nakuuliza kama mtu na nduguye. Imekwisha, au bado?"

"Sijui, kaka," Mihambo alisema. "Sijawahi kujua. Siku niliyopewa nyumba hii hawakuniambia kiasi, kwa kuwa haifai. Hata jina la aliyekukopesha silijui."

"Mimi mwenyewe nimelisahau," Ngwali alisema.

Nyamizi alidhani yamekwisha hapo. Lakini Mihambo alisimama, polepole, kama mtu aliyebeba mzigo, akaenda akasimama mbele ya kile kigoda chake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Dada," alimwambia Nyamizi, "kuna jambo sikukwambia. Mgeni anaruhusiwa kuaga mwenyewe. Hakuna anayemzuia. Ila akiaga bila kuambiwa, alichokiacha hukibeba yeye. Deni lote linahamia kwake, lilivyo, bila kujulikana."

"Basi tutoroke! Twende nyumbani usiku huuhuu."

"Nikitoroka sijaaga. Watawaletea hawa Kichwabuta."

Akawageukia wenyeji. Maneno ya kuaga huko Staha ni machache na kila mtoto anayajua, ingawa ni nadra mtu kuyasikia yakisemwa. "Nimekaa," Mihambo alisema. "Nimekula. Nimeshiba. Naomba ruhusa niende."

Desturi humtaka mwenye nyumba amsihi mgeni abaki. Kaa kidogo, husema, mbona haraka. Ngwali alijaribu. Midomo yake ilifunguka, na Nyamizi aliona jinsi miaka yote ya adabu ilivyokuwa ikimsukuma nyuma ya meno. Hakusema. Bi Raya ndiye aliyesema, kama anayetoa tusi.

"Nenda salama, shemeji."

Ofisini walimpongeza Mihambo. Hakuna aliyemfokea. Walimtafutia chumba nyuma ya soko la chumvi, wakampa kitanda cha kamba, vigoda viwili, meza na taa, kwa sababu mtu hawezi kutembelewa akiwa hana kitu. Kanzu yake ya ugeni aliivua akaikunja mwenyewe. Kutoka nje ya nchi hakuruhusiwa tena. Nyamizi aliruhusiwa, kwa kuwa ndugu wa mwenye kutembelewa hana haki wala lawama.

"Nenda kwa mama," Mihambo alimwambia. "Usimkawize."

"Nimwambie nini?"

Alifikiri sana. "Mwambie nina adabu."

Nyamizi alitoka nje, akakaa juu ya ngazi mpaka machozi yakakauka. Aliporudi ndani alisema atasubiri kwanza amwone huyo mgeni atakayeletwa, amjue ni mtu wa namna gani, ili mama yao atakapomuuliza awe na jibu moja la kweli. Walikaa wakingoja. Walipika, walifagia, walisimuliana habari za ng'ombe waliokufa zamani. Sauti ya Mihambo ilianza kurudi. Siku moja alicheka, na Nyamizi akasikia mwangwi wa kicheko chake ukutani.

Hodi ilipigwa asubuhi, kwa kifundo kimoja cha kidole, taratibu.

"Karibu," Mihambo alisema.

Aliyeingia alikuwa Ngwali. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyombana mabegani, na viatu ambavyo alivivua kwa shida kwa kuwa hakuwa amevizoea. Alibaki amesimama pale mlangoni, mikono yake imening'inia.

"Mtu akiagwa na mgeni wake," alisema, "huitwa ofisini, hupewa kazi. Sikuwa na randa, kaka. Mize alikuwa hajala." Akainamisha macho sakafuni. "Sikujua nyumba ni ya nani mpaka nilipoonyeshwa mlango."

"Kaa," Mihambo alisema. "Hujambo? Bi Raya hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Mize anakuulizia."

Ngwali alikaa. Alikunywa maji aliyopewa. Alikuja siku ile, akaja iliyofuata, na siku zilizofuata hizo, na kila alipokuja alikaa pembeni mwa meza, akazungumza habari za mvua na za mtoto, na macho yake hayakuinuka kamwe kutoka sakafuni. Mwanzoni Nyamizi alidhani ni aibu. Kisha akaelewa kwamba mtu hawezi kusifu asichokiona. Ngwali alikuwa akiingia katika chumba kile kama kipofu, akipapasa njia kwa miguu, akitoka bila kujua taa ni ya rangi gani. Nyamizi akafikiri kwamba mama yao sasa atapata jibu la kweli.

Alifunga mzigo wake jioni, aondoke kesho yake. Lakini asubuhi ile Ngwali hakuja peke yake. Nje ya mlango, viatu vyake vimepangwa vizuri kando ya vya Ngwali, alikuwa amesimama Bi Shemsa. Alikataa kuingia, akasema hataki kuwasumbua, atasubiri tu hapo kizingitini apate hewa.

Ngwali alikaa mahali pake. Hakuzungumza habari za mvua. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni hadi kwenye ukosi wa kanzu, na bado aliitazama sakafu, kwa nguvu, kama mtu anayeizuia isipasuke. Bi Shemsa alikohoa kidogo, kikohozi cha adabu.

Mihambo alivuta kigoda chake akasogea upande, ili kitanda, meza na taa vionekane vyote.

"Tazama tu, kaka," alimwambia. "Hatutakulaumu."

Ngwali akainua macho.